Keria ya Hema Ipimwe Gari Likitembea

Keria ya kubebea hema juu ya pikapu huuzwa kwa namba ya usiku, nayo huvunjika mchana. Hiyo ndiyo hoja ninayoitetea hapa mbele ya watu wanne wenye sababu nzuri za kunipinga: muuzaji wa keria za alumini zinazotoka nje, fundi wa kuchomelea, dereva anayepeleka wageni Serengeti, na mama mwenye pikapu inayofanya kazi wiki nzima na kwenda likizo mara chache kwa mwaka. Wanne hawa wanawakilisha aina ya watu, hakuna kati yao anayesimama badala ya mtu fulani. Nimewapa maneno yenye nguvu kadiri nilivyoweza, kwa kuwa fedha inayotumika ni nyingi na watakaolala juu ya keria hiyo ni binadamu. Gari letu ni Toyota Hilux ya kebini mbili, ambayo haihitaji kutambulishwa Arusha, Nairobi wala Kampala. Hema letu ni lile linalosafiri limekunjwa juu ya gari na kufunguliwa jioni, lenye godoro lake na ngazi ya kupandia. Mengi ya aina hiyo huwa na uzito wa kilo 45 hadi 90. Kambi za umma ndani ya Serengeti hazina uzio, fisi na hata simba hupita karibu na mahema, kwa hiyo hamu ya kulala juu inaeleweka bila maelezo marefu. Tunachobishania ni vyuma vilivyo kati ya hema na bodi la gari.

MUUZAJI: Ndugu mwandishi, tuanze na karatasi. Kiwanda kimeandika kwamba keria yangu inabeba kilo 350. Hema ni kilo 70. Baba, mama na mtoto, pamoja na matandiko yao, hawafiki kilo 200. Nimebakiwa na akiba ya kilo 80. Unatafuta nini kingine?

MWANDISHI: Natafuta namba ya pili. Mtengenezaji makini hutoa namba mbili: uzito unaohimiliwa gari likiwa limesimama, na uzito unaohimiliwa gari likitembea. Ya kwanza huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya pili, wala hakuna udanganyifu hapo. Gari likisimama penye usawa, mzigo wote hushuka wima, hugawanyika kwenye miguu yote ya keria, na hautikisiki ila mtu anapojigeuza usingizini. Likianza kutembea, mzigo uleule hupata tabia nyingine. Tairi likipiga ukingo wa shimo, hema na keria yake, tuseme kilo 110 kwa pamoja, vinaweza kukandamiza miguu kwa nguvu ya kilo 300 na zaidi kwa kitambo kifupi. Dereva akikanyaga breki, mzigo unataka kuendelea mbele. Gari likiinama upande kwenye mteremko, unataka kuanguka. Familia iliyolala, hata iwe na uzito gani, haiipi keria mtihani kama huo. Baadhi ya watengenezaji wa Australia, nchi yenye barabara nyingi za vumbi, huichukua namba ya lami na kuigawa kwa 1.5 gari linapoingia barabara mbovu, hivyo keria ya kilo 150 huhesabiwa kuwa ya kilo 100. Panga juu yake hema la kilo 70, turubai la kivuli la kukunjua ubavuni na madumu mawili ya dizeli ya lita 20, nawe umekwisha kuzivuka kilo hizo 100 kabla hujaiona Karatu. Akiba yako ya kilo 80, ndugu yangu, ilikuwa ya kambini.

Tena barabara mbovu ni zaidi ya mashimo. Dereva huliona shimo, akalikwepa au akalipita taratibu. Kinachoimaliza keria ni yale mawimbi madogo ya udongo yanayokatiza barabara kilomita baada ya kilomita, ambayo kila aliyetoka lango la Naabi kwenda Seronera anayajua kwa mifupa yake. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba tairi linalobiringika juu ya mchanga mkavu huyaumba mawimbi hayo lenyewe, pindi mwendo unapopita kiwango fulani ambacho ni kidogo sana. Maana yake ni kwamba greda likipita leo, magari yatayarudisha. Tuchukue mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 70 na gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 16.7 kila sekunde, yaani mapigo takriban 24 kwa sekunde, na zaidi ya 85,000 kwa saa moja. Shokapu na springi hupunguza sehemu kubwa, lakini kinachobaki hufika kwenye kila kiungo cha keria. Metali inayopindwa kidogo huku na huku mara nyingi hivyo huchoka na kukatika kwa mkazo ambao mara moja ingeubeba bila shida yoyote, kama waya unaokatwa kwa mikono kwa kuupinda na kuunyoosha. Namba ya kilo 350 haisemi lolote kuhusu uchovu huo.

FUNDI: Mzee wangu, hapo umenifungulia mlango. Hizi alumini zao ni za lami. Mimi naweka chuma, bomba nene la milimita 3, nachomelea kila kona kuzunguka. Ikipata ufa njiani, kila mji una mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Alumini ikikatika, nani ataishika?

MWANDISHI: Nusu ya maneno yako nayachukua mazima, fundi. Chuma cha kawaida cha karakana kina sifa ambayo alumini haina: kuna kiwango cha mkazo ambacho, ukibaki chini yake, mapigo hata yawe mamilioni hayakivunji. Alumini haina kiwango cha namna hiyo; kila pigo huongeza deni, na aliyeibuni keria ya alumini hana budi kuacha nafasi kubwa ya usalama. Faida yako hiyo, hata hivyo, hudumu pale tu kutu isipokigusa chuma na mchomeleo usipoacha kovu la kuanzishia ufa. Nusu ya pili siikubali, nayo ni imani kwamba unene ndio uimara. Chukua mabomba ya mraba yaliyomo madukani. La milimita 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 3.5 kwa mita. La 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 2 lina karibu kilo 3. Wengi huchukua la kwanza kwa sababu likipigwa nyundo linatoa sauti nzito. Ukikokotoa ukinzani wa kupinda, la pili, ambalo ni jepesi kwa asilimia 13 hivi, linalizidi la kwanza kwa asilimia 45 hivi, kwa kuwa chuma chake kimekaa mbali zaidi na kitovu cha bomba. Keria inayokula mita 14 za bomba inaokoa kilo 6 na ushei kwa uchaguzi huo mmoja, na kila kilo inayookolewa kule juu ni kilo ambayo haitaipiga miguu ya keria mara 85,000 kwa saa.

FUNDI: Bomba la milimita 2 linatoboka ukilichomelea, na wewe unajua.

MWANDISHI: Linatoboka likipewa umeme wa bomba nene. Likipewa vijiti vyembamba vya milimita 2.5, umeme uliopunguzwa na michomeleo mifupi yenye kupumzishwa, halitoboki, na hapo ndipo ustadi unapolipwa. Lakini hata bomba si kiini cha ugomvi wetu. Keria ikishindwa, ni nadra kushindwa katikati ya bomba. Ufa huanza ukingoni mwa mchomeleo, ambako joto limebadilisha chuma na umbo limekatika ghafla, au kwenye tundu la bolti, au chini kabisa mahali mguu unapokutana na bodi. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo ya kuongeza asiiongeze kwenye unene. Kwanza aiweke kwenye mihimili ya mshazari. Fremu ya nguzo nne na pande nne, bila mshazari, huzuia kuyumba kwa kutegemea kona zake peke yake, nazo kona ndizo zenye michomeleo. Ukiweka kipande cha mshazari kila upande, nguvu ya kuyumba huhamia kwenye urefu wa bomba, ambako ina pa kukaa. Pili aweke vibamba vya pembetatu kwenye kona, na ncha zake zimalizike kwa kupungua polepole, zisikatwe wima, maana ncha iliyokatwa wima huhamisha ufa kutoka kona hadi mwisho wa kibamba. Keria ya aina hii haina sura ya kutisha kwenye picha. Inaonekana nyepesi, na wateja wengi huipita kwenda kwenye ile iliyojaa mabomba manene.

Tatu, na hapa naomba tukae zaidi, fedha iende kwenye miguu. Mbavu za bodi la Hilux ni bati lililokunjwa lenye unene unaokaribia milimita moja. Bati hilo lilikunjwa ili lizuie mchanga, magunia na mbao zisimwagike. Halikukusudiwa kubeba mzigo unaoyumba kutoka juu. Keria nyingi hukaa ukingoni mwa mbavu kwa vibano vinavyong'ata kwa msuguano, na kibano kilichong'ata sentimita tano za bati huikusanya nguvu yote ya mguu mahali hapo. Baada ya muda bati huanza kupasuka rangi, kisha kuvimba, kisha kuchanika. Dawa ya kwanza ni kutandaza nguvu: bolti zipite kwenye bati, na chini yake liwepo bamba la chuma la milimita 4 au 5 lenye urefu wa sentimita 15 au zaidi. Dawa iliyo bora kuliko hiyo ni kuirefusha miguu ishuke hadi sakafuni mwa bodi na kusimama juu ya mihimili inayopita chini ya sakafu, kwa kuwa mihimili hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi. Hapo mbavu za bodi hubaki na kazi ndogo ya kuizuia keria isiyumbe, na uzito hushuka kwa njia fupi kwenda kwenye chuma kilichoundwa kuubeba. Miguu mirefu itakula nafasi kidogo kwenye pembe za bodi. Ni gharama ninayoiona halali.

MUUZAJI: Lakini ndugu yangu, keria zetu zimebuniwa na wahandisi. Marekani watu wanazifunga kwenye reli za bodi tu na wanazunguka majangwa.

MWANDISHI: Wanazunguka, na uhandisi huo nauheshimu. Ila uliza kwanza ulifanywa kwa ajili ya bodi gani. Toyota Tacoma, pikapu inayopendwa sana na Wamarekani wa kambi, tangu toleo la 2005 imekuwa na bodi la ndani la plastiki ngumu yenye nyuzi, pamoja na reli za alumini ilizotoka nazo kiwandani. Na hata huko wengi huongeza vishikizo vya chuma kuzuia mbavu zisicheze. Ford F-150 ina bodi la alumini tangu toleo la 2015. Hilux yetu ina bodi la bati la chuma, na matoleo mengi hayana reli hizo. Keria iliyo sahihi juu ya gari moja inaweza kuwa ya kubahatisha juu ya jingine, ingawa upana wa bodi unalingana. Muuzaji akisema keria inaingia kila pikapu, amenieleza kwamba ina vibano vya kurekebisha. Bado hajanieleza uzito unakwenda wapi.

Kuhusu alumini na chuma, fundi na muuzaji wana haja ya kusikilizana kuliko wanavyofanya. Fundi anasema alumini haichomelewi njiani, na yuko sahihi kuliko anavyodhani: aloi ya 6061, ambayo hutumika sana katika kazi hizi, hupata nguvu zake kwa matibabu ya joto, na ukiichomelea, sehemu inayozunguka mchomeleo hupoteza karibu nusu ya nguvu hizo. Hata mchomeleaji hodari mwenye mashine inayofaa hawezi kulizuia hilo bila kuirudisha keria nzima kwenye tanuri. Muuzaji naye atajibu kwamba ndiyo sababu keria zake hazichomelewi: ni vipande vilivyofungwa kwa bolti, kimoja kikivunjika kinabadilishwa. Ni jibu zuri kwa aliye karibu na duka la vipuri. Kwa aliye kati ya Maralal na Loiyangalani, kipande hicho kiko mbali kwa siku kadhaa. Isitoshe, bolti ina ugonjwa wake. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza bolti zaidi ni mtikisiko wa kukatiza, ule unaofanya vipande viwili viteleze kidogo kidogo kimoja juu ya kingine, na hiyo hasa ndiyo tabia ya keria yenye hema juu ya barabara ya mawimbi. Nati yenye pete ya nailoni huzuia bolti isidondoke. Haiwezi kurudisha mkazo uliopotea. Kinga ni bolti iliyokazwa vya kutosha toka mwanzo, ya milimita 8 au 10 yenye daraja la 8.8, ikaguliwe kwa spana baada ya kilomita chache za kwanza za vumbi na kila jioni ya safari.

Hukumu yangu kati yao inategemea mahali. Kwa pikapu inayoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, penye hewa ya chumvi, na inayotoka kwenda kambi za karibu kwa barabara nzuri, alumini iliyofungwa kwa bolti inafaa, kwa sharti moja: kila mahali inapokutana na chuma au bolti isiyoshika kutu, pawekwe kitenganishi cha mpira au plastiki, maana metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo italiwa. Kwa pikapu inayokwenda Katavi, Ruaha, Turkana au Serengeti kwa barabara, nachagua chuma, lakini si fremu moja kubwa iliyochomelewa yote. Nachagua pande nne zilizochomelewa karakanani, penye mwanga na vipimo, kisha zikaunganishwa juu ya gari kwa bolti. Mchomeleo unabaki mahali unapoweza kusimamiwa, na ukipata ufa njiani unatoa upande mmoja na kumpelekea fundi yeyote.

DEREVA: Kaka, mimi niseme la barabarani. Wageni wana masanduku, kuna friji, kuna maboksi ya chakula. Keria ikiwa chini sipati nafasi. Ningeipandisha hema lipite juu ya paa la kebini, au niifunge keria ndefu moja kutoka paa la kebini hadi mwisho wa bodi. Land Cruiser zetu za safari zina keria za paa zima na hazina shida.

MWANDISHI: Land Cruiser hizo zina bodi moja kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, kwa hiyo paa lote husogea pamoja. Hilux haiko hivyo. Kebini na bodi la nyuma ni vitu viwili, kila kimoja kimefungwa peke yake kwenye chasisi, na ule upenyo ulio kati yao umeachwa makusudi. Gari likivuka korongo kwa mshazari, tairi moja la mbele likiwa juu na la nyuma la upande huo likiwa chini, chasisi hujinyonga, na kebini na bodi huinama kila kimoja upande wake. Keria iliyofungwa kwenye vyote viwili inataka kuvizuia. Haitaweza, kwa kuwa nguvu ya chasisi ni kubwa kuliko ya bomba lolote utakaloweka. Kitakachokatika ni keria yenyewe, au paa la kebini litachanika kwenye matundu. Hapa sina nafasi ya maridhiano. Keria ikae yote juu ya bodi, au yote juu ya kebini kwa kufuata kikomo cha paa kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambacho huhesabu uzito wa keria pia.

Kuhusu kimo, hoja yako ya nafasi ni ya kweli na inastahili vipimo. Kina cha bodi la Hilux ni karibu nusu mita. Keria iliyoinuka sentimita 25 juu ya mbavu inakupa karibu sentimita 75 kutoka sakafuni, ukitoa unene wa mabomba bado friji ya safari na maboksi mengi yanaingia. Hema lililokunjwa likikaa hapo, sehemu yake ya juu itakuwa karibu sawa na paa, na kebini italikinga na upepo na matawi ya migunga. Sasa ipandishe keria iwe sentimita 60 juu ya mbavu. Tukichukua kwamba kitovu cha uzito wa hema kiko sentimita 15 juu ya keria, umekitoa kwenye sentimita 40 na kukipeleka kwenye 75. Hema ni lilelile, barabara ni ileile, kona ni ileile, lakini nguvu inayotaka kuing'oa miguu imekaribia kuwa maradufu. Gari zima nalo limekuwa jepesi kupinduka kuliko lilivyokuwa asubuhi, na abiria hawajui. Mzigo usioingia chini ya keria ya sentimita 25 upunguzwe au uhamie kiti cha nyuma. Kama wageni ni wanne na masanduku yao hayapungui, basi safari hiyo inahitaji gari la pili au gari kubwa. Kuirefusha keria ni kuilipisha miguu yake deni la mpangilio mbaya.

DEREVA: Na tukiongeza springi za hewa nyuma, si gari litanyanyuka?

MWANDISHI: Litanyanyuka machoni. Uwezo ulioandikwa na kiwanda hauongezeki, na springi za hewa zinazokaa kati ya ekseli na chasisi hulundika nguvu mahali pamoja. Pikapu za kebini mbili zilizopinda chasisi nyuma ya kebini kwa mzigo mkubwa uliowekwa nyuma zinajulikana vizuri na mafundi wa chasisi. Uzito ukisogezwa mbele ya ekseli ya nyuma, gari hukaa sawa bila kuongezewa kitu.

MAMA: Mwanangu, nimewasikiliza wote. Mimi pikapu hiyo Jumatatu inabeba saruji na mikungu ya ndizi. Hilo dude la kilo 40 nitalifanyaje? Na fundi ananiambia akishachomelea halitoki.

MWANDISHI: Shikamoo mama. Swali lako ndilo linalonifanya nisiyumbe kuhusu pande nne za kufunga kwa bolti. Hilux nyingi zina uwezo wa kubeba kilo 900 hadi 1,000 kulingana na toleo, na uwezo huo huhesabu abiria, keria, hema na kila dumu. Ukiiacha keria na hema juu mwaka mzima, umetoa kilo 110, zaidi ya mifuko miwili ya saruji katika kila safari, umeongeza mafuta yanayochomwa kwa kuukata upepo, na umeizeesha keria kwa kilomita ambazo hakuna aliyelala juu yake. Mwambie fundi atengeneze pande zinazotoka, kila moja isizidi uzito ambao watu wawili wanaubeba bila kuinama vibaya, na bolti zote ziwe za kipimo kimoja ili spana moja itoshe. Michomeleo yote ipigwe rangi ya kuzuia kutu, ncha za mabomba zizibwe, na chini ya kila bomba liachwe tundu dogo la kutolea maji, kwa sababu bomba la chuma huoza kuanzia ndani.

FUNDI: Bolti nyingi hivyo zitalegea. Wewe mwenyewe umesema.

MWANDISHI: Nimesema, na siliondoi. Kiungo cha bolti kinahitaji mtu wa kukiangalia. Asiyeweza kushika spana kila jioni ya safari heri achukue fremu yako iliyochomelewa, yenye mishazari na miguu ya sakafuni, akubali kuibeba mwaka mzima. Lakini ufa ndani ya mchomeleo nao unahitaji mtu wa kuuangalia, na ni mgumu kuuona kuliko nati iliyolegea. Piga mstari wa rangi juu ya kila nati na bamba lake baada ya kukaza. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na hata mtoto ataiona. Kati ya hitilafu inayoonekana na iliyofichika, namchagulia mama huyu ile inayoonekana.

MAMA: Basi niende kwa nani?

MWANDISHI: Nenda kwa fundi, mama, kwa kuwa safari zako ni za vumbi na gari lako lina kazi nyingine. Usimpelekee picha ya mtandaoni. Mpelekee gari lenyewe, mlale chini pamoja mwone mihimili ya bodi inapita wapi, kisha miguu ya keria iwekwe hapo. Na awe fundi, awe muuzaji, kabla ya kutoa fedha mtake aandike kwenye risiti kilo ambazo keria yake itabeba gari likitembea kwenye barabara ya vumbi. Akiandika zile za gari lililosimama, mrudishie karatasi aandike upya. Akikataa, usilipe.